Kuchomelea Pikipiki Uani: Mshono Unaobeba Uhai

Mada ya leo inatoka uani, pale penye kamba ya kuanikia nguo na pipa la maji, ambapo siku hizi utamkuta kijana amechuchumaa mbele ya pikipiki kuukuu iliyovuliwa injini, tenki na siti, imebaki fremu tupu. Pembeni ana grenda, ana tupa, ana mashine ndogo ya kuchomelea aliyoinunua kwa fedha za kudunduliza. Anataka kujenga pikipiki yake mwenyewe, ya umbo alilolipenda yeye, isiyofanana na nyingine yoyote mtaani.

Naiheshimu sana kazi hiyo, na leo nimekuja kuitetea. Nimekuja pia kuiwekea sharti.

Zamani mashine ya kuchomelea ilikuwa sanduku zito la transfoma. Ilibebwa na watu wawili, na ikiwashwa, taa za nyumba zilififia. Leo zipo mashine za inveta ambazo uzito wake haufiki kilo kumi, zinachomekwa kwenye umeme wa kawaida wa nyumbani, na kijana anaibeba yake begani. Hilo ni jambo jema. Lakini mashine imefika nyumbani peke yake. Maarifa yake yamebaki gereji, chuoni, na mikononi mwa mafundi wazee, na mwenye kununua mashine hapewi maarifa hayo ndani ya boksi.

Mshono wa fundi cherehani ukifumuka njiani, mtu hujisitiri akarudi nyumbani kubadili nguo. Mshono wa fremu ukifumuka pikipiki ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 70 kwa saa, wa kurudi nyumbani hayupo. Kwa hiyo ninachosema leo ni hiki: fremu ya kuaminika inaweza kutoka uani, ila haitoki kwa bahati wala kwa kukisia. Inatoka kwa utaratibu. Na ambaye hajaupata utaratibu huo, aanze na kazi nyepesi mpaka aupate.

Wapo watakaosema pikipiki ni kazi ya kiwanda, uani hapatoki kitu. Hao nawapa mfano wa mzee mmoja wa Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand, aliyeitwa Burt Munro. Mwaka 1920 alinunua pikipiki aina ya Indian Scout, ambayo ilipotoka kiwandani haikufika hata kilomita 100 kwa saa. Kwa zaidi ya miaka 40 aliibadilisha mwenyewe ndani ya banda lake. Alimimina pistoni zake mwenyewe, akachonga konrodi kwa mikono yake. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliikimbiza kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah nchini Marekani, akaweka rekodi ya takriban kilomita 295 kwa saa kwa pikipiki zenye injini isiyozidi cc 1000. Na katika banda lile alikuwa na rafu iliyojaa pistoni zilizotoboka na vipuri vilivyokatika. Hakuvitupa. Fundi anayehifadhi kilichovunjika anaweza kukirudia, akakigeuza mkononi, akaona palipoanzia kosa. Wangapi kati yetu hutupa kipande kilichokatika kwenye chuma chakavu siku hiyo hiyo, na somo lake likaenda nacho?

Mfano wa pili unahusu fremu zenyewe. Rex McCandless wa Belfast alijifunza ufundi kwa kujituma, na katika miaka ya 1940 alijijengea pikipiki yake. Kutokana na kazi hiyo, yeye na ndugu yake Cromie wakaja kubuni fremu ambayo kampuni ya Norton ya Uingereza iliichukua kwa mashindano ya mwaka 1950. Iliitwa Featherbed. Mwaka huo, kwenye mashindano ya kisiwa cha Man, pikipiki za Norton zilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu katika mbio zote mbili kubwa, ile ya Junior ya injini ndogo na ile ya Senior ya injini kubwa.

Zile fremu za mashindano zilitengenezwa kwa mabomba membamba ya Reynolds 531, chuma chenye mchanganyiko wa manganizi na molibdeni, na viungo vyake viliunganishwa kwa lehemu ya shaba. Katika lehemu ya shaba bomba lenyewe haliyeyuki. Linapashwa moto kiasi cha nyuzi 900 hivi, shaba ikayeyuka na kujaza kiungo. Waliichagua njia hiyo kwa sababu chuma kile chembamba hupoteza nguvu kikipigwa moto mkali kupita kiasi. Waliuliza kwanza bomba ni la chuma gani, ndipo wakachagua moto.

Baadaye vijana wa Uingereza walichukua fremu hiyo ya Norton wakaitia injini ya Triumph, wakaiita Triton. Ukiitazama Triton utaona kwamba injini imeshikwa na bamba zilizokatwa kwa mkono na kufungwa kwa bolti. Fremu yenyewe iliachwa nzima. Ni hekima ambayo ningependa iandikwe ukutani katika kila gereji ya Gerezani pale Dar es Salaam na Kamukunji pale Nairobi: kinachoweza kufungwa kwa bolti, kifunge kwa bolti. Bolti ikilegea utaikaza. Bamba likivunjika utalibadilisha. Fremu iliyochomwa vibaya haina spea.

Sasa tuje kwenye chuma tulichonacho hapa kwetu. Fremu za pikipiki nyingi zinazobeba abiria mitaani ni mabomba ya chuma laini, yaani chuma chenye kaboni kidogo, na hilo ni bahati kwetu. Chuma laini kinasamehe. Kinakubali kuchomwa kwa kijiti cha kawaida, na hakipasuki ovyo kinapopoa. Taabu inaanza pale tunapokiongezea vyuma vya aina nyingine.

Cha kwanza ni nondo. Fremu ikionyesha udhaifu, fundi anakata kipande cha nondo ya ujenzi, anakilaza ubavuni mwa bomba, anakichoma juu na chini. Nondo nyingi zina kaboni zaidi ya chuma laini. Ukizichoma kwa haraka na zikapoa kwa haraka, pembeni mwa mshono chuma kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Nondo iliyokusudiwa kuokoa fremu ndiyo inayoanzisha ufa.

Cha pili ni bomba la maji lililopakwa zinki. Linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, na linavutia kwa sababu halishiki kutu upesi. Lakini zinki huchemka kwenye nyuzi 907, wakati chuma kinahitaji karibu nyuzi 1500 ili kiyeyuke. Maana yake ni kwamba kabla chuma hakijayeyuka, zinki imeshageuka moshi mweupe. Sehemu moja inaingia kwenye mshono na kuuachia vitundu, sehemu nyingine inaingia kwenye mapafu yako.

Cha tatu ni vipuri vilivyopigwa kromu au kukomazwa kiwandani: bomba za shokapu za mbele, ekseli, shafti. Hivi usivichome kabisa. Vilipewa ugumu wake kwa moto uliopimwa, na moto wako usiopimwa utauondoa.

Kwa asiyejua ana chuma gani mkononi, ipo njia ya gereji. Kishike kwenye grenda utazame cheche. Chuma laini hutoa cheche ndefu zinazonyooka na kupasuka kidogo tu mwishoni. Chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche fupi zinazopasukapasuka kwa wingi karibu na jiwe. Weka pembeni kipande unachokijua, ulinganishe. Jaribio hilo halimalizi maswali yote, lakini linakuzuia usichome gizani.

Tuje kwenye kijiti. Vijiti vingi madukani kwetu ni vya namba 6013. Kwa bomba jembamba la pikipiki vinafaa, hasa vya milimita 2.5, mashine ikiwekwa kati ya ampea 60 na 90 kulingana na unene wa bomba. Wapo wanaosikia kwamba 7018 ni kijiti chenye nguvu zaidi, wakakimbilia huko. Ni kweli kina nguvu, lakini ganda lake halitaki unyevu hata kidogo. Hewa yetu ya pwani, kuanzia Mtwara na Dar es Salaam hadi Tanga na Mombasa, imejaa unyevu. Boksi la 7018 lililoachwa wazi kwenye banda linavuta maji hewani, na maji hayo yanaingiza haidrojeni ndani ya mshono. Ufa wa haidrojeni una hila: unaweza kujitokeza saa nyingi baada ya kazi kwisha, hata siku ya pili, wakati mwenye pikipiki ameshalipa na kuondoka. Kama huna tanuri la kukaushia vijiti hivyo kwa joto lililoandikwa kwenye boksi lake, 6013 kikavu ni bora kuliko 7018 kibichi.

Sasa wasikilizaji, natamani tukae na kiungo kimoja tu, tukitazame kwa karibu, kwa sababu ndani yake imo kazi yote. Chukua bomba la mbele, lile linaloshuka kutoka shingo ya usukani kwenda kwenye injini. Limeonyesha ufa chini kidogo ya shingo, na mwenye pikipiki anasema, "Fundi, piga hapo juu, nina abiria."

Ukipiga hapo juu, umefunika ufa, hujauponya. Ufa uko palepale chini ya mshono, unangoja shimo la kwanza la barabarani. Hapa methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta haitoshi, maana ufa wa fremu hauzibwi kwa kupakwa juu. Unafunguliwa kwanza, kisha unajazwa kutoka chini.

Fundi mwenye utaratibu huanza kwa kuondoa. Anang'oa waya za betri na kuchomoa kifaa cha cheche na regyuleta, maana umeme wa kuchomelea ukipita humo unaweza kuviua. Anavua tenki analipeleka mbali, upande mwingine wa ua. Anakwangua rangi, grisi na kutu mpaka chuma kinang'aa, si pale penye ufa tu bali sentimita kadhaa kila upande. Anatafuta mwisho wa ufa, anatoboa tundu dogo hapo ili usiendelee kukimbia. Kisha anaufungua ufa wote kwa grenda, kingo zikae mshazari kama herufi V, kijiti kipate kufika chini.

Kama bomba limekatika kabisa, hachomi ncha kwa ncha na kuridhika. Anachonga kipande cha bomba kingine kinachoingia ndani kwa kubana, kipite pande zote mbili za kiungo. Anatoboa matundu mawili matatu kwenye bomba la nje, mbali na kiungo, apate kulichoma la ndani kupitia matundu hayo. Sasa mzigo haubebwi na mshono mmoja mwembamba uliozunguka bomba. Unagawanywa kwenye urefu wote wa kile kipande cha ndani.

Kibano cha athi anakiweka karibu kabisa na anapochoma, juu ya chuma safi. Akikiweka kwenye gurudumu la nyuma, umeme utapita kwenye beringi na kuzitia vidonda. Halafu haanzi kuchoma kwa mzunguko. Anabandika nukta nne, kila moja ikitazamana na mwenzake. Anasimama, anapima. Anavuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, kulia na kushoto, aone kama bado yako mstari mmoja, kwa sababu chuma kinachopoa hujikunja kuelekea upande uliochomwa. Uzi ukisema kweli, anachoma vipande vifupi vya sentimita mbili tatu, mara upande huu, mara upande wa pili, akiacha moto upungue katikati. Anagonga gamba, anapiga brashi ya waya, anatazama, ndipo anaendelea. Anayeacha gamba na kuchoma juu yake amezika takataka ndani ya mshono.

Mshono mzuri unaonekanaje? Kingo zake zinaingia kwenye bomba taratibu, pasipo mtaro uliochimbika pembeni. Mtaro huo ndio mlango wa ufa, kwa sababu kila mtikisiko wa barabara unakusanya nguvu zake pale palipopungua unene. Hauna vitundu, haujarundikana juu kwa urefu. Lakini nisikilizeni vizuri: macho peke yake hayatoshi. Upo mshono unaopendeza kwa nje ambao haujaingia kabisa kwenye bomba. Umekaa juu juu.

Ndiyo maana kabla ya kuigusa fremu, choma vipande vya majaribio. Tumia bomba la aina ileile, unene uleule, ampea zilezile. Kifunge kipande kwenye jiriwa, ukipige nyundo mpaka kikubali kuvunjika. Kama bomba limejikunja na kuchanika huku mshono umebaki, endelea. Kama mshono umebanduka na chini yake unaona uso wa chuma ambao haukuyeyuka, fremu isubiri. Kata kingine kwa msumeno katikati ya mshono, kisugue kwa msasa mpaka king'ae, utazame moto umeingia kiasi gani. Vipande hivyo ndivyo vya kuweka kwenye rafu, kama alivyoweka yule mzee wa Invercargill.

Na baada ya kuchoma fremu yenyewe, kipo kipimo cha zamani ambacho gharama yake ni ndogo sana. Mshono ukishapoa na kusafishwa, pakaa mafuta ya taa kwa brashi. Yaache yakae, yana tabia ya kupenya kwenye ufa ambao jicho haliuoni. Yafute mpaka pakauke kabisa, kisha pakaa unga wa chaki. Subiri. Pakiwa na ufa, mafuta yaliyojificha yatapanda na kuchora mstari juu ya ule weupe. Mstari ukitokea, grenda, na kazi inaanza upya. Nimeona mafundi wakifanya hivi kwa uvumilivu mkubwa, na nimeona wengine wakichukua grenda kulainisha mshono ili upendeze, wakapaka rangi papo hapo. Kuulainisha mshono wa fremu ni kuupunguza unene na kuficha kasoro zake kwa wakati mmoja.

Neno kuhusu vipande vya kuimarisha, vile vya pembetatu vinavyowekwa kwenye kona. Visiishe ghafla katikati ya bomba na visichomwe kwa mstari unaolikata bomba kwa upana, maana hapo bomba hubanwa upande mmoja likawa huru upande mwingine, na ufa unazaliwa kwenye mpaka. Vichongwe virefu, vyembamba kuelekea mwisho, na mshono ufuate urefu wa bomba.

Nguvu ya mshono ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni vipimo. Pikipiki inanyooka barabarani kwa sababu ya umbali mdogo unaopatikana hivi: fuata mstari wa shingo ya usukani mpaka uguse ardhi, halafu pima kurudi nyuma hadi pale tairi la mbele linapokanyaga. Pikipiki nyingi za barabarani zina milimita 90 hadi 100 hivi. Umbali huo ukipungua sana, usukani unakuwa mwepesi na unaanza kutetemeka kwenye mwendo. Ukizidi sana, usukani unakuwa mzito na pikipiki inaangukia upande katika mwendo wa polepole. Kijana anayependa umbo la pikipiki ndefu za California, zenye shokapu za mbele zilizorefushwa, ajue kwamba akirefusha mbele amebadilisha pembe ya shingo na umbali huo vyote kwa pamoja. Achore kwanza kwenye karatasi kwa vipimo halisi. Ushauri wangu kwa anayejenga ya kwanza: shingo iache ilivyotoka kiwandani. Badilisha siti, tenki, keria, mikono ya usukani, egzosi. Hapo pana nafasi kubwa ya ubunifu, na shingo yako itakupeleka salama.

Na kwenye shingo hiyo pamegongwa namba ya chesisi. Usiichome, usiikwangue. Fremu ambayo namba yake haisomeki, au haifanani na ya kwenye kadi, itakuletea maswali ya polisi ambayo ubunifu wako hautayajibu.

Sasa afya. Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu madhara yake naona tumeyazoea. Mwanga wa kuchomelea una mionzi inayounguza macho, na maumivu hayaji saa ileile. Yanakuja usiku, macho yanawasha yakitoa machozi, mtu anahisi ametiwa mchanga. Miwani ya jua haizuii. Tumia ngao ya uso yenye kioo cha namba 10 au 11 kwa kazi hizi ndogo. Na kumbuka watoto. Uani na barazani hapakosi watoto, na watoto wanaupenda ule mwanga. Tundika turubai au bati kuzunguka kazi yako kabla hujagusisha kijiti. Jicho likishaungua, nenda hospitali. Viazi na maziwa vinavyosifiwa kuponya macho viache jikoni.

Maziwa hayohayo tunaambiwa yanaondoa moshi kifuani. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni, na moshi umekwenda mapafuni. Ukichoma bomba la zinki ndani ya chumba, jioni unaweza kutetemeka kwa homa na baridi ukadhani ni malaria. Mwaka 2017, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mafusho ya kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo choma nje, upepo utoke ubavuni mwako ukauondoe moshi, kichwa chako kisiwe juu ya moshi, na uvae barakoa ya mafusho. Kitambaa cha pua hakichuji kitu.

Na tenki la petroli: usilichome. Tenki lililomwagwa mafuta ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, na cheche moja inatosha. Lenye tundu lipeleke kwa fundi mwenye vifaa vya kulisafisha na kuondoa mvuke, au nunua jingine. Vaa viatu vikavu vya ngozi, usisimame kwenye maji, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Ukimaliza, usiondoke mara moja. Cheche hujificha kwenye matambara na takataka, na moto huibuka watu wakiwa wameshakwenda kula.

Wasikilizaji wapenzi, nimalizie kwa maombi.

Kwa kijana wa uani: anza na keria. Halafu stendi, halafu vishikizo vya siti na egzosi. Hivyo vikikatika utapata hasara ya kipuri, na utajifunza. Fremu iwe mtihani wako wa mwisho, na siku hiyo mwite fundi aliyekutangulia asimame kando yako. Kwa walio Tanzania, vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinafundisha uchomeleaji na vina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani. Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lipo kwa ajili ya watu kama wewe. Nenda ukabishe hodi.

Kwa mafundi wetu wakongwe: maarifa mliyonayo msiende nayo. Kijana akija na mashine yake mpya, msimcheke wala msimwone mshindani. Mwekeni mbele ya jiriwa, avunje vipande vyake vya majaribio mbele yenu.

Kwa ndugu zangu wa bodaboda: fundi akikuambia iache mpaka kesho, iache. Anakukinga wewe, abiria wako, na watoto wako. Na angalieni chini ya shingo kila mnapoosha pikipiki. Ufa hujionyesha kwanza kwa mstari mwembamba wa kutu unaochungulia kwenye rangi. Ukiuona, siku hiyo usipakie mtu.

Na kwa wote wanaoshika kijiti, kipimo changu cha mwisho ni hiki: kama mshono huo huuamini kumbeba mama yako mpaka hospitali, basi usimpakie juu yake mzazi wa mwenzako. Ukate, uuchome upya.